Je, Mgonjwa Aambiwe Kwamba Itauma?



Jirani yangu mmoja hapa Mbegani, mvuvi, alipungukiwa damu mwezi hata mwezi bila sababu kujulikana. Mwishowe waganga wa hospitali wakaamua avutwe uboho, au uloto kama wasemavyo siku hizi, ili upimwe. Akaambiwa, “Ni sindano ndogo tu, mzee, haiumi.” Ilipouma aliruka, ikabidi kuanza upya. Aliporudi hakulalamikia maumivu. Alisema, “Mwalimu, walinidanganya.”

Basi nauliza: uongo wa huruma ni halali?

Zamani ningejibu ndiyo. Pale chuo cha ualimu tuliwafundisha vijana wetu wasimtishe mtoto, na siku ya chanjo tulisimama mlangoni tukisema haiumi, haiumi. Watoto waliotangulia walitoka wakilia, na waliobaki mstarini wakatutazama. Macho yale sijayasahau.

Tuiangalie kazi yenyewe. Sindano huingizwa katika mfupa wa nyonga, kwa nyuma. Mfupa wa kifua nao una uboho, lakini ni mwembamba, na nyuma yake pana moyo na mishipa mikubwa. Kwa hiyo nyonga ni salama zaidi. Ganzi huondoa maumivu ya ngozi na ya utando wa mfupa, mradi mganga asubiri ikolee. Lakini uboho unapovutwa, ganzi haifiki huko ndani. Kwa sekunde chache mgonjwa husikia mvuto mkali, pengine hata mguuni. Aliyeambiwa mapema hujikaza akatulia. Aliyedanganywa hushtuka, na kushtuka sindano ikiwa mfupani ni hatari.

Huko Uingereza walihesabu vipimo vya uboho vipatavyo 55,000, vya miaka ya 1995 hadi 2001. Madhara yaliyoripotiwa yalikuwa 26 tu, zaidi ya nusu yakiwa ya kutoka damu. Ndiyo sababu mganga huuliza kama mgonjwa anameza asprini au dawa nyingine izuiayo damu kuganda. Nasi watu wa pwani asprini twainunua dukani kama peremende, na miti shamba hatuitaji mbele ya daktari kwa kuogopa kukaripiwa. Yeye asema haiumi, sisi twasema hatujameza kitu. Nani amlaumu mwenzake?

Mzee mmoja wa kanisa alinipinga: wengine wakiambiwa ukweli watakimbia kipimo, wafe. Ni kweli wapo. Lakini Bwana wetu alimwuliza yule kipofu wa Yeriko anataka afanyiwe nini, ingawa kila mtu njiani aliona shida yake. Mgonjwa aelezwe maumivu, na pia kwamba ni mafupi na yana sababu. Akikataa baada ya hapo, amekataa kama mtu mzima. Kumtajia kila baya liwezekanalo usiku wa kuamkia kipimo, hilo sikubaliani nalo.

Mara ya pili nilimsindikiza mimi. Mhudumu alimweleza yote, kisha akasema, “Sasa navuta, hesabu.” Akahesabu kwa sauti mpaka saba. Baadaye alilala chali juu ya kitambaa kilichokunjwa ili damu ikatike, akaniuliza kama maji yameshaanza kujaa, maana ngalawa yake aliiacha mchangani.