Mtoto na Mchezo wa Barafuni

Enyi ndugu zetu! Twaulizwa: yafaa mzazi aliye safarini Abu Dhabi kumpeleka mwanawe mdogo kutazama Disney On Ice, mchezo wa kuteleza barafuni ulioanza Marekani mwaka 1981, nao huzunguka nchi kwa nchi?

Twajibu: Mtume (S.A.W.) alisimama akimsitiri Bibi Aisha (R.A.) alipowatazama Mahabushi wakicheza kwa mikuki msikitini, wala hakuondoka mpaka Bibi alipotosheka. Basi kumfurahisha mtoto si dhambi.

Lakini baadhi yetu huchunga saa ya mchezo, ya sala wakaiacha. Msafiri amerahisishiwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri kabla hajatoka. Udhuru u wapi? Barafu mtoto ataisahau. Hatasahau kuwa babake alisali kwanza, au hakusali.

Wallahu a'lam.