Kiasi si katikati

Aristotle aliona wema umekaa kati ya kupungua na kuzidi, na wengi wamemsoma kana kwamba aliagiza kugawa nusu kwa nusu. Chenso inawakosoa. Injini yake ya mipigo miwili haina sampu ya oili. Pistoni na beringi hulainishwa na oili ileile iliyochanganywa kwenye petroli. Ikipungua, vyuma husagana, pistoni hukwaruza silinda, mashine inanoki. Ikizidi, moshi hutanda, plagi huchafuka na masizi huziba ekzosi. Lakini kiasi sahihi hakikai katikati ya maafa hayo: kwa mashine nyingi za leo ni 50:1, yaani mililita 20 kwa lita, baadhi ya zile za zamani hutaka 25:1, mara mbili yake.

Atakayesema basi maadili ni ladha ya mtu hajafikiri vizuri. Aristotle mwenyewe alitaja chakula kisichomtosha Milo, mwanamieleka, ambacho kingemzidi anayeanza mazoezi: kipimo hubadilika kwa mlaji, ila mlaji hakichagui. Pingamizi zito zaidi ni la mwenye hadhari (na wacha Mungu hulipenda): zidisha kidogo, kheri haina ziada mbaya. Nalo nalikataa. Oili ya ziada huchukua nafasi ya petroli, na kabureta isiporekebishwa injini hupata petroli pungufu kwa hewa inayoingia, ikachemka, hatari ileile aliyoikimbia. Anayetia kwa kukisia amekwepa tu kazi ya kupima. Soma kitabu cha mashine yako kabla hujafungua kopo.