Kulika na Kuharibika

Sarafu yenye alama 70 haijawahi kununua kitu. Haijawahi kulipa nauli, haijawahi kufungwa kwenye pindo la leso, haijawahi kudondoka sokoni ikatafutwa na watoto watatu chini ya meza ya mboga. Ilitoka kiwandani, ikashikwa kwa uangalifu, ikafungiwa ndani ya kasha la plastiki ngumu, na tangu siku hiyo kazi yake ni kutofanya kazi. Ukiichunguza kwa lenzi inayokuza mara 5 usione dosari yoyote, hiyo ndiyo 70, kilele cha kipimo ambacho wakusanyaji wa sarafu, hasa wa Marekani, wanakitumia kuamua sarafu iko katika hali gani.

Nimekuwa nikisoma kuhusu kipimo hiki kwa miezi kadhaa, na sina hata sarafu moja ya kupima. Mbao zangu zote huishia kwa kondakta kabla ya saa mbili asubuhi. Kilichonivuta ni swali ambalo sijaweza kuliweka kando: je, ni haki kitu kipimwe kwa namna kilivyoepuka kufanya kile kilichotengenezewa?

Hebu tuone wanavyopima kwanza, maana ni kazi ya macho na ina adabu yake. Mpimaji haangalii sarafu nzima kwa usawa. Anaanzia palipoinuka. Kwenye dola ya Morgan, iliyoanza kuchapwa mwaka 1878, anatazama nywele zilizo juu ya sikio la yule mwanamke, kisha anageuza atazame kifua cha tai. Sehemu hizo ndizo zinazogusa meza na vidole kwanza, kwa hiyo ndizo zinazolika kwanza. Halafu anaizungusha chini ya taa aone kama mng'ao unazunguka nayo, kama vile spoku za baiskeli zinavyomulika jua. Mng'ao huo unatokana na mistari midogo mno inayobaki pale madini yanapotanuka kwa kishindo cha chapa. Ukishasuguliwa haurudi. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu isiyotumika. Chini ya hapo ni zile zilizofanya kazi, na namba inashuka kadiri uso unavyofutika, mpaka ukifika 4 karibu kila kitu kimekuwa kivuli. Hali hiyo ya 4 wao wenyewe wanaiita "nzuri". Sijui nani aliwapa ucheshi huo.

Sasa, dola nyingi za Morgan hazikupata kazi. Sheria ya 1878 iliilazimu serikali ya Marekani kununua fedha na kuichapa sarafu, lakini watu wengi hawakutaka kubeba madude mazito vile mfukoni. Zikatiwa kwenye magunia, sarafu 1,000 kila gunia, zikalala kwenye hazina kwa miongo, nyingine hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na gunia likisukumwa, sarafu zinagongana. Ndiyo maana unaweza kukuta dola ambayo haijatumika hata siku moja, na shavu lake limejaa mikwaruzo kama la mtu aliyeburutwa. Hiyo inaweza kupewa 60. Kando yake kuna nyingine iliyopita mikononi muda mfupi tu, nywele zimepungua kidogo, uso msafi, inapendeza. Hiyo ni 58. Wakusanyaji wengi watakuambia bila kuficha kwamba 58 nzuri inawavutia macho kuliko 60. Hata hivyo namba haibadiliki, kwa sababu pale 60 mstari umechorwa kati ya kutumika na kutotumika. Uzuri haukuulizwa.

Mwanzoni jambo hili lilinikera. Baadaye nikaanza kuona uaminifu fulani ndani yake. Mpimaji hasemi kwamba sarafu ya 20 ni mbaya. Anasema imelika kiasi hiki. Ni soko ndilo linaloichukua hiyo namba na kuifanya hukumu.

Na kuna kitu kingine wanachokifanya ambacho kwangu ndicho kiini cha mambo. Wanatenganisha kulika na kuharibika. Sarafu iliyolika kwa kutumika itapata namba, hata kama ni ndogo. Lakini ichukue hiyo hiyo, isugue kwa dawa ya meno au soda ili ing'ae kama mpya, basi umeimaliza. Kampuni kama PCGS, iliyoanza kupima mwaka 1986, na NGC, iliyofuata 1987, kwa kawaida hazitaipa namba kamili tena. Zitaandika kwamba michoro iliyobaki ni ya kiwango fulani, ila imesafishwa. Huku kwingine tunakoishi mambo ni kinyume, si ndiyo? Aliyechoka anaambiwa ajipake poda aende mahojiano.

Ukitoboa sarafu pia umeiharibu. Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Senti 10 za zamani za kikoloni zilikuwa na tundu katikati, zimetoka nalo kiwandani, na tundu hilo halipunguzi namba hata moja. Mwaka 1936 zilichapwa kwa jina la Edward VIII, mfalme ambaye hakuwahi kuvikwa taji, na kwa kuwa hazikuhitaji sura yake hapakuwa na taabu. Lakini chukua ile riale ya fedha ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, ambayo iliendelea kuchapwa na tarehe ile ile baada ya malkia mwenyewe kufariki, ikatumika Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu. Nyingi zilitobolewa au kuungwa kipete ili zivaliwe shingoni. Mbele ya mpimaji, tundu hilo ni jeraha.

Hapo sikubaliani nao. Mwanamke aliyevaa riale shingoni aliitumia kama akiba na kama pambo, na huenda iliponunua kitu baadaye ilinunua kitu kikubwa. Kwamba kiwanda cha Vienna hakikupanga hivyo si hoja. Ukikubali tundu la kiwandani na kulikataa la fundi wa mtaani, hupimi hali ya sarafu tena. Unapima nani alikuwa na ruhusa.

Ruhusa ya kupima inanirudisha kwa aliyekileta kipimo chenyewe. William Sheldon, mwanasaikolojia wa Marekani, alikichapisha mwaka 1949 katika kitabu kuhusu senti za shaba za mwanzo za nchi yake. Wazo lilikuwa la bei: sarafu ya 70 ingeuzwa mara 70 ya ile ya 1. Bei ziliachana na hesabu hiyo zamani, namba zikabaki. Sasa sikia. Mwaka huo huo wa 1949 Sheldon alitoa kitabu kingine, kuhusu vijana 200 wa kiume wa Boston waliohesabiwa kuwa watundu, akiwapima miili. Kila mtu kwake alikuwa na tarakimu tatu, kila moja kati ya 1 na 7: unene, misuli, wembamba. Aliamini tarakimu hizo zinaonyesha tabia. Wanafunzi wa vyuo vikubwa vya Marekani walipigwa picha wakiwa uchi kwa ajili ya kazi ya namna hiyo. Na baada ya kifo chake mwaka 1977 ikaja kubainika kwamba alikuwa akichukua sarafu nzuri za American Numismatic Society, New York, na kuacha zake duni mahali pake.

Simtaji ili kusema kipimo ni kibovu kwa sababu mwenyewe alikuwa mwizi. Kipimo kinafanya kazi. Ninachosema ni kwamba mkono uliozoea kuipa shaba namba haukusita ulipofika kwenye mwili wa mtu, na sisi tuliopitia KCSE, ambapo miaka minne inakuwa herufi moja, tunaujua mkono huo. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Nina matokeo ya mitihani yenye alama za kutosha, lakini kwa waajiri sina namba. Ni kama nimeandikiwa "michoro ipo, ila".

Lakini yangu ni madogo. Nyanya yangu alichuma majani chai Murang'a karibu maisha yake yote, na jembe juu yake. Alipokwenda ofisi moja kusajiliwa kwa alama za vidole, mashine ilimkataa. Kijana aliyekuwa nayo hakuwa na ubaya: "Shosho, jaribu kile kingine." Akaambiwa anawe, akanawa. Akaambiwa apake mafuta kidogo, akapaka. Gumba hakuna, shahada hakuna. Mashine haikuwa na njia ya kujua ni nini kimevifuta vidole hivyo, wala hakuna aliyeuliza. Mara ya tatu ikakubali kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kile ambacho hakikuwahi kufanya kazi sana.

Kuna wakusanyaji wachache wanaotafuta kinyume cha wenzao: wanataka alama 1. Wengine huwacheka, lakini alama 1 ya kweli ni ngumu kupatikana. Sarafu lazima iwe imelika karibu yote, kwa kutumika tu, isiwe imekwaruzwa wala kupigwa msasa, na bado iweze kutambulika ni ya aina gani na ya mwaka gani. Ikishindwa hilo inarudishwa bila namba. Kwa hiyo mpimaji akiletewa kipande laini cha fedha kama kokoto ya mtoni, haanzi kwa kuuliza kimepoteza nini. Anakiinamisha chini ya taa, kushoto, kisha kulia, polepole, akitafuta kivuli cha tarakimu.