Moto wa Njano Bafuni

Baridi ya Julai huko Limuru haina mzaha, na kijana mmoja alipomfungia mama yake hita ya gesi, ile isiyo na tangi inayopasha maji yakipita tu, majirani walimsifu. Aliiunganisha na mtungi wa kilo 6 uliokuwa wa jiko. Mwanzoni hapakuwa na neno. Baridi ilipokaza, mama akawa anajipaka sabuni, mara moto unazimika, anamalizia kuoga kwa maji baridi.

Fundi aliyeitwa alitikisa mtungi, akasikia gesi imo, akasema hita ndiyo mbovu. Hakuinama. Angeinama angeona sehemu ya chini ya mtungi imelowa umande, na juu ya umande ukoko mweupe wa barafu. Gesi ya mtungini ni kimiminika, na ili igeuke mvuke hunyonya joto la chuma kinachoizunguka. Hita ya lita 10 kwa dakika ikifunguliwa kabisa hula karibu kilo moja na nusu kwa saa. Mtungi mdogo, alfajiri ya baridi, hauwezi kutoa mvuke kwa kasi hiyo. Presha hushuka, na hita hujizima kama ilivyoundwa.

"Fundi, mama anateseka," kijana akasihi. "Fanya chochote presha ipande."

Akafanya. Aliondoa regyuleta ya milibari 30, akafunga ya presha ya juu, ya majiko ya hoteli. Namlaumu yeye kuliko kijana, kwani kijana aliomba tu, yeye ndiye aliyepaswa kujua. Maji yalitoka ya moto tele. Lakini moto uliokuwa wa buluu sasa ulikuwa wa njano, mrefu, ukipaka bati la hita masizi. Gesi ilizidi hewa, haikuungua vizuri, ikazaa kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Na dirisha la bafu lilikuwa limezibwa kwa gunia.

Mama alilalamika kichwa kinamgonga, wakasema mafua. Asubuhi moja mjukuu akabisha: "Cucu, umemaliza?" Kimya. Walipovunja mlango walimkuta sakafuni. Oksijeni ya hospitali ilimrudisha.

Fundi wa pili alirudisha regyuleta ya kwanza, akafunga kipimo cha presha. Maji yakiwa yamefungwa, kilisoma 30 na ushee, na wengi huishia hapo wakidhani mambo ni shwari. Yeye alifungua maji ya moto. Mshale ukaporomoka hadi 17.

Alileta mtungi mkubwa na regyuleta mpya, akatupa mpira mrefu mwembamba na kuweka bomba pana, akahamishia hita ukutani nje, akapaka povu la sabuni kila kiungo kutafuta kinapovuja. Kijana alipouliza kama angeweza tu kuulaza ule mtungi wa zamani, alikatazwa vikali: mtungi ukilazwa, gesi hutoka ikiwa majimaji, na moto wake huchoma nyumba. Mwisho fundi alifungua bafu, sinki na jiko kwa pamoja, akasubiri mshale utulie karibu na 30, kisha akamwonyesha kijana namba ndogo iliyochapwa kwenye regyuleta mpya: kilo inazoweza kupitisha kwa saa.