Umetupwa, au Unafinyangwa?



Kijana mwenzangu, leo tuanzie darasa la Kiingereza. Neno "throw" wote tunalijua: kutupa. Lakini miaka 1,000 iliyopita halikuwa na maana hiyo. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kusokota, kuzungusha. Ni ndugu wa neno la Kijerumani "drehen", ambalo hadi leo ni kuzungusha. Maana ya kutupa ilikuja baadaye, pengine kwa sababu anayerusha kitu kwa nguvu huzungusha mkono kwanza.

Sasa sikia hii. Wapo wanaolitumia bado kwa namna ile ya zamani: wafinyanzi. Mfinyanzi Mwingereza akiunda chungu kwenye gurudumu, kazi hiyo anaiita "throw". Hajatupa kitu. Anazungusha udongo mpaka upate umbo.

Nilipojua hili nilimkumbuka nabii Yeremia, sura ya 18. Mungu alimtuma nyumbani kwa mfinyanzi, akakuta chombo kimeharibika kikiwa bado mkononi. Mfinyanzi hakukipeleka jalalani. Udongo ule ule aliufinyanga upya, ukawa chombo kingine.

Unaona tofauti? Jiwe likirushwa, linaachana na mkono. Udongo ukizungushwa, mkono haubanduki.

Najua kuna anayesoma hapa akijiona ametupwa. Matokeo ya mtihani yamekuja mabaya. Mchumba kaondoka bila kuaga. Barua za kuomba kazi hazijibiwi. Sisemi eti Mungu ndiye aliyekufanyia hayo. Binadamu nao hutupana. Ninachosema ni hiki: hata walipokuachia wao, Yeye hakukuachia. Kizunguzungu unachokisikia si ushahidi kwamba umefika jalalani.

Na Yeremia hakuhubiri nadharia. Sura ya 38 inasimulia alivyotupwa kisimani, akazama kwenye matope. Aliyemtoa alikuwa mgeni, Ebedmeleki Mkushi. Alimwendea mfalme kumtetea, kisha akaja na kamba, pamoja na matambara makuukuu ya kuweka kwapani ili kamba zisimuumize. Na kamba ni nini, kama si nyuzi zilizosokotwa pamoja? Mara nyingi mkono wa Mungu hutufikia hivyo, kupitia mtu aliyejali hata kwapa zetu.

Basi wiki hii tufanye mawili. Kama kuna dhambi inayokuambia huna thamani tena, nenda kitubio. Udongo ulioharibika bado ni udongo wa Mfinyanzi. Halafu mtafute rafiki mmoja aliye kisimani. Mpigie, au nenda kwake kabisa. Usiishie kumtumia emoji.

Tuombe: Bwana, tunapozungushwa tusijione tumetupwa. Tushike, utuunde upya, na utufanye kamba kwa wenzetu walio shimoni. Amina.