Andikeni Tungali Hai

Wanangu, nimesikia mmeunda kikundi cha kuhifadhi historia ya kambi yetu ya Ifo, na kwamba mnamtafuta mfadhili wa kuwajengea makumbusho. Nia yenu njema, Mola aibariki. Mimi nimechoka na maneno mengi siyawezi tena, basi shikeni hili moja: jengo litangoja, wazee hawangoji.

Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka huko Somalia na watu wakamiminika kuvuka mpaka kuingia Kenya. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, hapa Dadaab, zilipangiwa watu 90,000 kwa jumla. Njaa ya 2011 ilipoingia tukapita 400,000. Miaka yote hiyo tuliambiwa tuko hapa kwa muda, nasi tukaamini, ndiyo maana hatukuandika. Aliyefika akiwa kijana leo ana mvi. Aliyefika na mvi tumeshamzika.

Mtasema mashirika ya misaada yana kumbukumbu. Ndiyo, yana kadi za mgao, alama za vidole na hesabu ya vichwa. Hayana jina la mama aliyekunja matawi akasimamisha aqal, akaifunika kwa nguo kuukuu kwa kukosa mikeka. Hayajui dugsi ya kwanza ya Qurani ilikaa chini ya mti gani, wala mafuriko ya 2006 yalimtoa nani katika boma lake. Hayo yamo vifuani mwetu tu.

Wala msidhani mji huu hauwezi kufutika. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kuifunga Dadaab yote, mpaka Mahakama Kuu ikaizuia Februari 2017. Mwaka huohuo Kambioos, kambi jirani, ilifungwa. Leo kuna Mpango wa Shirika wa kutuunganisha na wenyeji, na tunauombea heri. Lakini hata heri hubomoa. Barabara ikinyooshwa, haiulizi kaburi ni la nani.

Wenyeji wetu wanalijua jambo hili. Mauaji ya Garissa ya Novemba 1980, na ya Wagalla kule Wajir ya Februari 1984, yalibebwa vifuani na walionusurika miaka mingi, hadi Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoyaandika katika ripoti yake ya 2013. Wangapi walikufa kabla hawajaulizwa?

Basi ulizeni, na ulizeni kwa haki. Msije mkaandika habari za ukoo mmoja mkaziita historia ya Ifo. Waandikeni Wahabeshi na Wasudani walioishi nasi. Waandikeni Wazigua wa bonde la Juba, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Tanganyika, na ambao wengi wao walihamishiwa Marekani miaka ya 2000. Waandikeni wafugaji wa Dadaab waliotupisha kwenye malisho yao. Na wanawake waliovamiwa walipokwenda kutafuta kuni, waendeeni kwa adabu, mabinti waende kama kwa mama zao. Atakayetaka jina lake lisitiriwe, lisitirini, na asiyetaka kusema mwacheni.

Njia mnayo tayari. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani inatuamuru kuandika deni na kuweka mashahidi. Wanazuoni wa hadithi hawakupokea neno bila kuuliza limetoka kwa nani, naye alilisikia kwa nani. Nanyi fanyeni hivyo: kila habari iwe na msimulizi wake, tarehe na mahali. Wawili wakipingana, andikeni kauli zote mbili. Mkipewa kadi ya zamani au picha, ipigeni picha na mmrudishie mwenyewe.

Kwa hayo daftari na simu vinatosha. Gaweni sehemu za kambi baina yenu, kila mmoja aanze na bibi mkongwe kuliko wote katika mtaa wake, na aende wiki hii, si mfadhili akija. Haya tuliyoyapitia ni amana, na sisi tulio nayo tunaondoka mmoja mmoja. Mola awape subira ya kutusikiliza.