Nani Amsemee Mraibu Dodoma?

Tulikutana Nyakanazi, pale barabara ya Kigoma inapoungana na ile ya kwenda Rusumo, watu saba na chupa mbili za chai. Wawili wana soba hausi katika mikoa ya jirani, mmoja ni muuguzi wa Ngara, mmoja mchungaji, wengine ni wazazi. Mimi niliitwa kwa sababu eti najua kuandika. Kazi yangu ilikuwa kuandaa andiko la kupeleka Dodoma, ili sheria imtambue anayetibu uraibu, na matibabu hayo yalipiwe.

Hoja yao ni ya kweli, nianze na hilo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inazungumzia matibabu, lakini ya waraibu wa dawa za kulevya. Methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011 na baadaye ikafika Mwanza, na ni dawa ambayo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kutoka Biharamulo hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200. Na hata kituo kingekuwa mlangoni, watu ninaowajua kisingewafaa, kwa sababu wao hawatumii heroini. Wanakunywa gongo. Kwa gongo tuna Sheria ya Moshi ya 1966, ambayo inamjua mpikaji na aliyekutwa na chupa. Mgonjwa haimjui. Viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishangilia, na jamaa zangu wakahamia kwenye kidumu.

Muuguzi alitaka tumbane mbunge apeleke muswada binafsi. Nikamwambia, "Dada, njia hiyo imezibwa." Ibara ya 99 ya Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia jambo la kutumia fedha za umma mpaka lipendekezwe na Rais kupitia kwa waziri. Kwa hiyo tuanze wizarani, tukiishika Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa 2023: tuombe matibabu ya uraibu, wa pombe pia, yaingie kwenye kitita cha mafao. Muswada ukija, tusubiri kamati iite wadau. Hapo wote tulikubaliana, chai ikaisha.

Ugomvi ulianza kwenye kipengele cha sita. Wenye soba hausi walitaka kiandikwe hivi: ndugu wa karibu aweze kumpeleka mraibu kwenye matibabu hata kama hataki.

Nilinyamaza, maana mimi nimeshafanya hivyo bila kusubiri sheria. Miaka minne iliyopita mama alinipigia simu usiku kutoka Ngara, akasema, "Njoo umchukue kaka yako kabla sijamzika." Tulikwenda na Noah, wanaume wanne. Tukamwambia kaka kuna msiba Kahama. Akaenda kuvaa koti. Mpaka leo nikifunga macho naliona lile koti la kijivu, alivyolipangusa vumbi kwa kiganja kwa ajili ya marehemu ambaye hakuwepo. Alikaa miezi sita nyuma ya geti, bila simu. Alirudi hanywi, na hadi leo hanywi. Ana migomba, ana kahawa, ameezeka upya nyumba ya mama. Zamani aliniita kwa jina la utotoni ambalo sitaliandika hapa. Siku hizi nikifika ananiambia, "Karibu, mwalimu."

Kwa hiyo niseme nini kuhusu kipengele cha sita? Nikikipinga, najifanya msafi kwa uhai wa kaka yangu. Nikikiunga mkono, nakumbuka kwamba tulilipa kwa mwezi, na kitanda cha aliyeletwa kwa nguvu hulipiwa sawasawa na cha aliyekuja kwa miguu yake. Simwiti mzee yule mwizi. Aliuza kiwanja chake ili afungue ile nyumba, na nimemwona akimsafisha mgonjwa aliyejitapikia. Lakini anaomba vitu viwili kwa mkono mmoja: alipwe, na apewe ufunguo. Daktari naye hulipwa kwa ugonjwa wangu, sawa, ila nikichoka naye naondoka. Hapa anayelipwa ndiye atakayesema lini uondoke.

"Baadaye wanashukuru," mzee alisema. Wapo, kweli. Ila wasioshukuru hatukuwaita Nyakanazi. Kusema kweli hata walioshukuru hatukuwaita. Tulikuwa watu saba tukipanga maisha ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kiti pale. Hata sisi wapenzi wa vitabu tuna kosa hilo: Zakaria, baba yake Rosa katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, tunamjadili miaka nenda rudi kama balaa lililoiangukia familia, na sijawahi kuingia kwenye mjadala uliouliza yeye angesema nini.

Basi nikalichukua andiko, nikapanda gari la Ngara. Kaka alilisoma barazani, polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika cha sita akakaa nacho.

"Yule marehemu wa Kahama," akaniuliza, "aliitwa nani?"

"Kaka, nisamehe."

"Sijakuambia uombe msamaha. Nauliza jina. Njia nzima nilikuwa nafikiria nani amekufa. Nilifikiri ni shangazi."

Sikuwa na la kujibu. Mama alikuwa ndani, nadhani alisikia, kwa sababu sauti ya vyombo ilikoma.

Nikamuuliza kama tukifute. Alichelewa kujibu. "Mngeniacha ningekufa," akasema. "Hilo najua. Usilifute." Kisha akaomba kalamu, akaandika chini ya kipengele, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara: aambiwe ukweli anapelekwa wapi, apewe simu siku ya kwanza, kila wiki aje mtu asiyelipwa na nyumba ile, amuulize akiwa peke yake.

Tulirudi Nyakanazi wiki iliyofuata. Mzee wa soba hausi alisoma nyongeza ile, akavua miwani, akauliza nani kaleta habari za simu. Alisema wagonjwa wakipewa simu siku ya kwanza watawapigia wauza gongo. Muuguzi akasema au watawapigia mama zao. Mpaka jioni hatukuwa tumevuka mstari huo, na safari hii kaka alikuwepo, kwenye kiti cha nane, amevaa lile koti.